Trebo inayochoma: amplifaya ya zamani ikikutana na spika mpya

Malalamiko ni yale yale kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay: amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 70, urithi wa baba, imefungwa na spika mpya, na tarumbeta za muziki wa dansi zinachoma masikio. Mwenye mali analaumu spika. Fundi mwenye haraka anamuuzia twita nyingine, na ukali unarudi pale pale.

Kabla ya kushika bisibisi, uliza ukali unakuja lini. Ukija sauti inapopandishwa, amplifaya imezidiwa. Ukisikika zaidi sauti ikiwa ndogo, kuna ubovu ndani ya amplifaya. Ukiwa sawasawa kwa sauti ndogo na kubwa, tazama twita, chumba au besi iliyopotea. Jibu la swali hilo linaokoa pesa nyingi.

Nitaonyesha kwa kazi tuliyofanya Namswea, nyumbani kwa mjomba wangu, mkulima wa kahawa. Amplifaya yake ni ya wati 25 kila upande, na nyuma imeandikwa spika za omu 8 hadi 16. Spika mpya ni za omu 4, zenye ufanisi wa desibeli 86 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Chumba ni cha matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu bila dari. Yeye alishaamua: “Mjomba, hizi spika ni za bandia.” Hazikuwa za bandia.

Tulianza na visivyogharimu. Knobu ya trebo ilikuwa imezungushwa hadi mwisho na kitufe cha laudinesi kimebonyezwa. Hiyo ni tabia iliyobaki tangu enzi za spika kubwa za karatasi, ambazo nyingi hushindwa kutoa sauti za juu, hivyo watu waliongeza trebo kufidia. Twita ya kisasa haihitaji fidia hiyo. Tulirudisha knobu katikati na kuachia kitufe. Ukali ulipungua, ila haukuisha.

Kisha tukaangalia simu inayopiga muziki. Tundu la nyuma la amplifaya za umri huo hutosheka na milivolti 150 tu kufikia nguvu zote. Simu inaweza kutoa karibu volti 1, zaidi ya mara sita. Matokeo yake, volyumu ikifika theluthi ya mzunguko amplifaya imeshafika ukingoni, huku msikilizaji akidhani bado kuna akiba. Tuliweka rezista mbili kwa kila upande: ya kiloomu 4.7 ikifuatana na waya wa sauti, na ya kiloomu 1 kutoka hapo kwenda kwenye waya wa ardhi. Volti 1 inashuka hadi takriban 0.175, na knobu ya volyumu inapata kazi yake tena.

Hapo ndipo hesabu ya nguvu inapoingia, na ndiyo kiini cha jambo zima. Kila desibeli 3 za ufanisi zinazopungua zinadai wati mara mbili. Spika ya zamani ya desibeli 92 ikibadilishwa kwa ya desibeli 86, pengo ni desibeli 6, yaani wati mara nne. Sauti iliyokuwa ikitumia wati 10 sasa inataka 40, na amplifaya ina 25. Ikiombwa kisichokuwepo, inakata vilele vya mawimbi. Mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti nyingine za juu ambazo hazimo kwenye wimbo, na zote zinaelekea kwenye twita. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyozidiwa huunguza twita nyingi zinazosemekana ni dhaifu.

Omu 4 zinaongeza mzigo, kwa kuwa zinavuta mkondo mara mbili ya omu 8. Umeme nao una sehemu yake. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018, iliiunganisha Ruvuma na gridi ya taifa, lakini nyumba iliyo mbali na transfoma bado inaweza kupata volti pungufu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya amplifaya ya aina hii hushuka hadi robo tatu hivi. Wati 25 zinabaki chini ya 19. Hakuna fundi anayeweza kurekebisha hesabu hiyo kwa kuchomelea risasi. Ama unasikiliza kwa kiasi, ama unatafuta spika za omu 8 zenye desibeli 90 au zaidi.

Jibu la pili, ukali kwenye sauti ndogo, lilitupeleka ndani ya amplifaya. Transista za kutolea sauti hufanya kazi kwa jozi: moja inasukuma nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Ili makabidhiano yao yawe laini, lazima mkondo kidogo upite muda wote, hata muziki ukiwa kimya. Mkondo huo ukipotea, kila wimbi linapata mkwaruzo katikati, na mkwaruzo huo unasikika zaidi sauti inapokuwa ndogo. Tulipima kwa mita kwenye rezista ya emita ya omu 0.47. Upande wa kulia ulionyesha milivolti 10, sawa na miliampea 21 hivi. Wa kushoto ulionyesha milivolti 1. Rezista ndogo ya kurekebishia ilikuwa imeota kutu. Tuliweka mpya, tukaianzishia kwenye mkondo wa chini kabisa, tukaiacha amplifaya ipate moto kwa robo saa, ndipo tukapandisha taratibu hadi pande zote zikalingana. Anayejaribu asisahau kwamba kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa. Zitolewe chaji kwa rezista kabla ya kugusa chochote.

Kulikuwa na kosa jingine linalofichika kwa urahisi. Amplifaya nyingi za mwanzo wa miaka ya 70 hupitisha sauti kwenye kapasita kubwa kabla ya kufika kwenye spika. Kapasita nzima ya mikrofaradi 2200 ikiwa na spika ya omu 8 huanza kupunguza besi kwenye hezi 9, chini kabisa ya tunachosikia. Ya mjomba ilikuwa imekauka, imebaki na takriban 500. Kwa spika ya omu 4, besi inaanza kukatwa kwenye hezi 80. Gitaa la besi linapopungukiwa hivyo, trebo inajitokeza bila kuongezwa hata kidogo. Kapasita mpya za pande zote mbili zilirudisha uzito wa muziki, na malalamiko mengi juu ya twita yakaisha palepale.

Mwisho tulishughulikia chumba na spika zenyewe. Piga kofi moja katikati ya chumba cha saruji na bati: ukisikia mlio unaorudi kwa haraka kama chuma kinachogongwa, sauti za juu zitateseka humo. Zulia sakafuni, pazia zito dirishani na makochi ya vitambaa vinasaidia kuliko mtu anavyodhani. Geuza spika kidogo ili twita isimlenge msikilizaji usoni. Kama bado inachoma, na twita ni ya omu 8, weka rezista ya omu 2.2 ikifuatana nayo, baada ya kichujio cha ndani ya boksi, na ya omu 20 sambamba na twita. Hapo utapunguza desibeli 3 bila kuvuruga kichujio. Tumia rezista za wati 5 au zaidi. Namswea hatukufika huko. Zulia na kugeuza spika vilitosha.

Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu ya muziki wenyewe. Nyimbo za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 70 na 80 zimejaa magitaa na tarumbeta, na sehemu kubwa ya ladha yake imo karibu na hezi 2000 hadi 5000, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuumia. Wengi tunazo nakala za kanda zilizonakiliwa mara nyingi kabla ya kuingia kwenye simu. Kila kasoro ya amplifaya inajumlishwa na kasoro za nakala, na msikilizaji anaishia kuamini kwamba bendi zilipiga vibaya.

Kwa hiyo, unaponunua spika za kufunga na amplifaya ya zamani, soma namba mbili nyuma ya boksi kabla ya kutazama urembo: omu na desibeli. Nanyi mafundi, mpimieni mteja milivolti na mikrofaradi kabla ya kumuuzia twita. Mashine hizi zinatengenezeka, vipuri vyake ni vya bei ndogo, na anayezitengeneza kwa kupima anazipa miaka mingine mingi ya kazi.