Diski ipo kabatini, leseni iko wapi?

Ukipekua kabati la ofisi iliyonunua kompyuta zake miaka ya 2000, utakuta diski za programu zimetunzwa kuliko karatasi. Kila diski imo kwenye kasha lake, ila ankara ya ununuzi haijulikani ilipo. Kwa maoni yangu utunzaji huo umekwenda kinyume: nakala ya diski hupatikana tena kwa urahisi, lakini ushahidi wa haki ya kuitumia ukipotea ni vigumu kuupata.

Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, inaonyesha vizuri jinsi haki hiyo ilivyotengwa na diski. Mtumiaji aliingiza ufunguo wa herufi na tarakimu 25, kisha kompyuta ikaamilishwa kwa intaneti au simu, na ufunguo ukafungamanishwa na vifaa vya mashine ile. Kwenye kompyuta za viwanda vikubwa, ufunguo ulichapwa kwenye stika iliyobandikwa ubavuni au chini ya mashine. Hapo ndipo mafundi wengi walipokwama. Programu iliyopakiwa kiwandani mara nyingi ilitumia ufunguo mmoja wa pamoja wa mtengenezaji, tofauti na ule wa stika. Fundi aliyeusoma ufunguo kutoka ndani ya mfumo, akafuta kila kitu na kupakia upya kwa diski ya kawaida, aligundua kwamba haukubaliki. Uliohitajika ulikuwa ule wa stika, ambao chini ya kompyuta mpakato ulikuwa umeshafutika kwa joto na msuguano.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji huandika ufunguo ndani ya chipu ya ubao mama, nao mfumo huusoma wenyewe wakati wa kupakiwa. Stika ya namba ikakosa kazi. Hata hivyo leseni ya aina hiyo hubaki na mashine iliyokuja nayo, ilhali ile iliyonunuliwa peke yake dukani inaweza kuhamishiwa kompyuta nyingine. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kupanga majalada kwa majina ya programu. Leseni zilizokuja na mashine ziwekwe kwenye jalada la mashine hiyo, pamoja na namba yake ya utambulisho na picha ya stika iliyopigwa ingali inasomeka. Zilizonunuliwa peke yake zifuate ankara.

Ankara nayo ina adui wake. Risiti za mashine za kielektroniki za kodi (EFD), zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, huchapwa kwenye karatasi inayoshika maandishi kwa joto, na maandishi hayo hufifia. Itolewe nakala siku ileile, tarehe, jina la muuzaji na idadi ya leseni vionekane. Kuipitisha risiti yenyewe kwenye mashine ya kuwekea plastiki kwa joto huifanya iwe nyeusi yote.

Diski zenyewe zinakiliwe kama faili za ISO kwenye diski kuu mbili tofauti, zikiwa bado zinasomeka. Kwenye CD, tabaka la data liko chini kidogo tu ya upande wenye maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa upande huo, au kalamu yenye ncha kali, huharibu zaidi kuliko mkwaruzo wa upande unaong'aa.