Mtenda Katika Sentensi ya Raia

Neno raia liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko asili yake imefungamana na malisho: raia walikuwa wachungwao, kundi lililo chini ya mchungaji, na maana ilipopanuka wakawa watu walio chini ya mtawala. Uraia wa leo umekusudiwa kuwa kinyume cha hali hiyo, kwa kuwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inawataja wananchi kuwa ndio chimbuko la mamlaka yote, na serikali kuwa yenye kupewa mamlaka hayo. Safari ya kutoka maana ile ya kwanza hadi hii ya pili ni ndefu, na sehemu yake isiyosifiwa vya kutosha hupita katika daftari la mtoto wa miaka 12 au 13, wakati mwalimu wa Uraia ameliinamia dawati lake, kalamu nyekundu mkononi.

Somo lenyewe limebadilika jina pamoja na nchi. Enzi ya chama kimoja liliitwa Siasa; mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 likafuata Uraia, na baadaye, katika shule za msingi, Uraia na Maadili. Jambo moja lakini halikubadilika upesi, nalo ni mazoea ya kukariri: alama za taifa, mihimili ya dola, sifa za kiongozi bora. Kwa kuwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa miaka mingi umekuwa, kwa sehemu kubwa, wa kuchagua jibu sahihi miongoni mwa majibu yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, mtoto anaweza kufaulu vizuri bila kuwahi kutunga aya moja kuhusu kijiji chake. Mwalimu anayeamua hata hivyo kuwaandikisha wanafunzi wake barua, taarifa na kumbukumbu za mikutano, akijua kwamba rundo lote la madaftari atalisahihisha usiku, anafanya kazi ambayo hakuna alama ya mtihani itakayoionyesha.

Ufundi wake huonekana kwenye sentensi moja moja. Mwanafunzi aliyeambiwa aandike kuhusu shida ya kijiji huanza, karibu kila mara, na ombi kama hili: Tunaiomba serikali ituletee maji. Sarufi yake haina dosari, na mwalimu wa lugha angeweza kuipitisha. Mwalimu wa Uraia huchora mstari chini ya neno serikali na kuandika pembeni, Ipi? Swali hilo la neno moja humlazimisha mtoto atambue kwamba kuna halmashauri ya kijiji, yaani baraza la wajumbe 15 hadi 25 kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya 1982 ya serikali za mitaa. Kuna halmashauri ya wilaya. Kuna RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini ulioundwa mwaka 2019. Na kuna chombo cha watumiaji maji ngazi ya jamii, ambacho ndicho hukusanya malipo na kuuendesha mradi siku kwa siku. Sura nzima ya kitabu cha kiada huingia hivyo katika nafasi ya nomino moja, na haisahauliki, kwa sababu mtoto ameitafuta mwenyewe ili barua yake ipate wa kuipokea.

Kiswahili kimempa mwalimu huyu chombo kingine. Wanasarufi huita kauli ya kutendeka ule mnyambuliko wa kitenzi unaoeleza hali iliyofikiwa bila kumtaja aliyeisababisha: pampu imeharibika, daraja limevunjika. Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi, kwani mtu anaweza kusema daraja limevunjwa na fulani. Kauli ya kutendeka huufunga, maana haina mahali pa kumweka mtenda. Zipo pia sentensi ambazo si za kauli hiyo lakini huficha vivyo hivyo, kama fedha zimepotea, kana kwamba fedha zina miguu. Taarifa nyingi zinazosomwa hadharani zimejengwa kwa sentensi za namna hii, na mwanafunzi aliyezoezwa kuziona hawezi tena kuzisikiliza kwa sikio lile la zamani.

Hapa ndipo mwalimu mzuri anapostahili sifa kubwa zaidi, kwa kuwa hafundishi kushutumu. Mtoto akishaonja utamu wa kumtaja mtenda, haraka huandika kwamba mtunza pampu amekula pesa; mwalimu humuuliza amejuaje, na sentensi hurudi ikiwa nyembamba lakini imara zaidi: Taarifa ya mapato ya miezi mitatu haijasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Ikiwa aliyeiharibu pampu hajulikani, basi imeharibika ndilo neno la haki, na kulibadilisha ni kusingizia. Kutenganisha kinachojulikana na kinachodhaniwa ni maadili yaliyokaa ndani ya kitenzi, na zoezi hili huyafikisha kwa mtoto kwa uhakika kuliko mahubiri mengi juu ya uadilifu.

Barua inapokamilika huwa imeandikwa mara tatu au nne. Anwani iko kulia, tarehe chini yake, kichwa kinaanza na YAH: na kutaja jambo moja tu, aya ya kwanza inaeleza lini pampu ilisimama, ya pili inauliza taarifa ya mapato itasomwa lini na nani. Mwisho, baada ya sahihi, mwalimu huwaagiza waandike nakala ya pili na kuipeleka pamoja na ile ya kwanza katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, ili aigongee muhuri nakala hiyo na kuandika tarehe aliyoipokea barua, nao waitunze.