Ngoma ya Umeme na Mizani 16

Imekuwa ada ya wapenzi wengi wa muziki kudai kwamba ngoma ya umeme haina uhai, kwa kuwa hupigwa na mashine isiyochoka wala kukosea. Dai hili lina mvuto, lakini twaona kuwa lawama imeelekezwa pasipo.

Tuchukue mfano wa Roland TR-808, mashine iliyoundwa Japani kati ya mwaka 1980 na 1983. Milio yake haikunaswa kutoka katika ngoma za kweli. Huzalishwa na saketi za umeme. Ndiyo maana ngoma yake nzito huvuma kwa namna yake yenyewe, na makofi yake hayafanani sana na ya viganja. Kinachoiamrisha milio hiyo ni sikwensa, yaani kifaa kipangacho mapigo kwa zamu, nacho kimo ndani ya mashine hiyo hiyo. Vitufe 16 vimepangwa safu moja, vinne vinne, kwa rangi nne. Mpangaji huchagua mlio, kisha hubonyeza kila hatua anayotaka usikike. Mashine hupita hatua zote 16 na kuanza tena.

Hapana shaka msomaji amekwisha kuikumbuka mizani 16 ya mshororo wa shairi, 8 za ukwapi na 8 za utao. Tofauti ipo: mshairi hujaza kila mizani kwa silabi, ilhali mpangaji wa ngoma huacha mapengo, na aghalabu utamu wa mdundo hutoka katika mapengo hayo. Lakini wote wawili wamepewa kipimo tu. Kipimo si utungo.

Nyimbo mbili za mwaka 1982 zathibitisha hayo. Katika "Sexual Healing", aliyoirekodi Marvin Gaye nchini Ubelgiji, mapigo ni mepesi na ya upole, na sauti ya mwimbaji huteleza mbele na nyuma yake kama mtu anayenong'ona. Katika "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, iliyotoka New York, ngoma nzito imetangulizwa mbele na waimbaji huita umati uje uwanjani. Mashine ni ile ile, hatua ni zile zile 16. Kama mashine ndiyo iuayo uhai, mbona nyimbo hizi hazikufa pamoja?

Lawama yetu twaiweka kwingine. Siku hizi wengi hutumia nakala za milio hiyo, zilizorekodiwa na kutiwa katika kompyuta. Hilo si kosa, kwani mashine za asili ni adimu na ghali. Kosa ni kuzijaza hatua zote kwa sababu tu zipo, bila kuchagua pigo la kutiwa mkazo wala la kuachwa kimya. Hapo sikio huchoka, na mashine husingiziwa uvivu wa mtu.

Sisi walimu tunalo la kujifunza. Mara ngapi shairi la mwanafunzi limepewa alama zote kwa kuwa mizani imetimia na vina vimelingana? Hesabu ikitimia, kazi ya uhakiki ndiyo kwanza inaanza.