Milimita 23

Kazi ya kubadili magurudumu ya baiskeli kuukuu huanza kwa rula. Fremu ya chuma, tuseme Raleigh Super Course ya miaka ya 1970, imefungwa kwenye stendi, magurudumu yametolewa, na fundi bado hajashika spana. Anapima kutoka katikati ya tundu la boliti ya breki hadi pale raba ilipokuwa ikibana ringi. Anaandika namba ubaoni kwa penseli. Anahamia nyuma, anapima tena, na namba ya nyuma inakataa kulingana na ya mbele. Mara nyingi ndivyo ilivyo kwenye fremu za enzi hizo, kwa hiyo anayepima mbele peke yake na kukadiria nyuma atarudia kazi.

Baiskeli za aina hii bado zimejaa kwenye stoo za Marekani na Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walishikwa na homa ya baiskeli. Mwaka 1973 pekee walinunua takriban milioni 15. Viwanda vya Uingereza, Ufaransa na Japani vikamwaga sokoni baiskeli za giya kumi zenye usukani uliojikunja kuelekea chini. Homa ilipopoa, nyingi zikatundikwa ukutani. Chuma chake hakikuwa cha kubeza. Super Course ilikuwa na mabomba matatu makuu ya Reynolds 531, aloi ambayo kwa miongo kadhaa ilibeba washindi wa mashindano makubwa ya Ulaya. Miaka hamsini baadaye fremu ni nzima, na kilichochoka ni magurudumu ya inchi 27, ambayo kwa baiskeli nyingi za bei ya kati yalikuwa na ringi za chuma zilizopakwa kromu. Ringi hizo zikilowa, breki hushika kwa kusitasita, na matairi ya ukubwa huo sasa ni machache, tena membamba.

Hapo ndipo wazo la kubadili magurudumu linapozaliwa, na hapo hapo ndipo majina ya inchi yanapomchanganya asiye mzoefu. Gurudumu la inchi 28 la Raleigh nzito tunayoijua Afrika Mashariki, ile yenye breki za fimbo, tairi lake hukaa kwenye ringi ya milimita 635. La inchi 27 ni milimita 630. Lile la 700C, ambalo nalo huitwa 28, ni 622. La Kifaransa la 650B ni 584, na la inchi 26 la baiskeli za milimani ni 559. Sheldon Brown, fundi wa duka la Harris Cyclery huko Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, alitumia miaka mingi kupanga majedwali ya namba hizi ili watu waache kubahatisha. Nina hakika jina lake halikosekani kwenye karakana yoyote ya baiskeli kuukuu Marekani.

Wengi huishia kwenye 700C. Ringi inashuka milimita 4 tu kila upande, raba zinasogezwa chini kidogo, basi. Ni kazi ya mchana mmoja na haina la kusimulia. Ufundi ninaousifu hapa ni wa kwenda mbali zaidi, hadi 650B, ili fremu iliyozoea tairi jembamba na gumu ipate tairi pana na laini la kupita kwenye changarawe bila kumtikisa mwendeshaji meno.

Ukubwa huu ulipendwa na watalii wa baiskeli wa Ufaransa, na mafundi wa eneo la Paris kama René Herse na Alex Singer waliuundia baiskeli ambazo leo watu hununua kwa bei ya gari dogo. Ukafifia, karibu upotee, kisha ukafufuliwa katika miaka ya 2000. Jan Heine na jarida lake la Bicycle Quarterly la Seattle ni miongoni mwa waliouvuta kutoka kaburini. Hesabu inayowavutia mafundi ni hii. Gurudumu la 700C lenye tairi la milimita 23 lina kipenyo cha 668 ukijumlisha tairi juu na chini. La 650B lenye tairi la milimita 42 lina kipenyo cha 668 vilevile. Ringi imepungua, tairi limenenepa, na baiskeli imebaki na kimo chake. Usukani unageuka karibu kama zamani na pedeli haijasogelea ardhi.

Kwa Raleigh yetu ya inchi 27 bahati si kamili. Tairi lake la awali la milimita 32 linatoa kipenyo cha 694, kwa hiyo likija la 42 kwenye 650B baiskeli itashuka milimita 13. Mwenye mazoea ya kukanyaga pedeli wakati wa kukata kona ataisikia ikikwaruza lami. Fundi mwangalifu humwambia mteja mapema, na pengine humwekea krenki fupi ya milimita 165 badala ya 170. Asiyemwambia hafai kulipwa, hata kama spoku zake zinalia vizuri.

Kisha upana. Hapa fremu za zamani zina wema ambao zile za mashindano za miaka iliyofuata zilinyimwa: zilitengenezwa na nafasi ya madigadi. Fundi hupima kati ya vyuma viwili vya chini vinavyopita ubavuni mwa tairi, mahali hasa ambapo tairi jipya litafika. Gurudumu likiwa dogo, sehemu pana ya tairi husogea nyuma kuelekea ekseli, ambako vyuma vinaachana, lakini si mara zote nafasi hutosha. Wapo wanaovibonyeza ndani kwenye jiliwa ili wapate milimita mbili au tatu za ziada. Kazi hiyo ikifanywa kwa kifaa cha mviringo na kwa mkono mtulivu, haidhuru. Hata hivyo mimi huwa siipendi. Fremu iliyobonyezwa hairudi kama ilivyokuwa, na uzuri mmojawapo wa ubadilishaji huu ni kwamba mwenye baiskeli wa kesho anaweza kurudisha kila kitu kilipokuwa. Kama tairi la 42 halipiti, weka la 38.

Habu ya nyuma ina fumbo lake. Fremu ya giya tano nyuma ina nafasi ya milimita 120 kati ya vishikio vya ekseli. Habu za barabarani za kisasa za breki za ringi zinataka 130. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa ikiwa baridi, bila moto, na kuitazama kazi hiyo ni raha ya aina yake. Fundi hulaza fremu, huingiza ubao mrefu wa mbao ngumu, na husukuma upande mmoja baada ya mwingine. Anataka milimita 5 kila upande, lakini chuma kina ubishi: ukikisukuma tano, kinarudi sifuri. Anasukuma zaidi, anaachia, anapima, anasukuma tena. Kuna wakati chuma kinakubali ghafla, na ni mkono uliozoea tu unaojua kusimama hapo.

Kipimo cha unyofu ni kamba. Huifunga kwenye kishikio kimoja cha ekseli, huizungusha mbele ya shingo ya fremu, kisha huirudisha hadi kishikio cha pili. Hupima umbali kutoka kamba hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Pande zikilingana, nyuma ya fremu imebaki katikati. Zisipolingana, anajua upande uliotangulia na anaurudisha. Baada ya hapo vishikio vyenyewe hunyooshwa ili vitazamane sawasawa, vinginevyo ekseli itapinda hadi ivunjike. Fremu ya alumini au kaboni hairuhusiwi mchezo huu, hiyo hupasuka.

Sasa breki, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazomtenganisha fundi na mfungaji nati. Kutoka 630 hadi 584 kipenyo kimepungua milimita 46, kwa hiyo ringi imekimbia tundu la breki kwa milimita 23. Breki iliyofika ringi ya zamani sasa inauma hewa, au mbaya zaidi, inauma tairi.

Njia ya kwanza ni kutafuta breki ya mikono mirefu. Breki za kawaida za kisasa hufika milimita 49, zile ndefu kidogo 57. Tektro R559 ya Taiwan inafika kati ya 55 na 73, na kwa fremu nyingi zilizotoka kwenye 700C inatosha. Kwa iliyotoka kwenye inchi 27 inaweza kupungukiwa, na hapo fundi hurudi kwenye breki za zamani za kuvutwa katikati. Weinmann ya Uswisi ilizitengeneza kwa namba, 610 fupi na 750 ndefu. Dia-Compe ya Japani ikafuata na 750 yake. Mafac ya Clermont-Ferrand ilikuwa na Racer, na ikatoa Raid yenye mikono mirefu zaidi.

Urefu una gharama. Mkono ukirefuka chini ya mhimili, nguvu ya kubana inapungua na chuma kinapinda zaidi. Breki ya upande mmoja ya kizamani ikirefushwa sana inakuwa laini mkononi, unaminya na baiskeli inaendelea kutafakari. Ya kuvutwa katikati ina busara nyingine: mihimili yake miwili iko pembeni, karibu na ringi, hivyo kipande cha mkono kinachobeba raba ni kifupi. Ndiyo maana Herse aliilehemu mihimili hiyo moja kwa moja kwenye foki. Wapo wanaofanya hivyo hata leo kwa aloi ya fedha, inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko shaba na hivyo kuhurumia bomba jembamba. Ni kazi nzuri mno, ila rangi ya asili inaungua na hakuna kurudi nyuma.

Kisha kuna mambo madogo yanayokula saa nzima. Breki za kisasa hufungwa kwa nati inayozama ndani ya foki, na fremu za zamani hazina shimo la kuipokea. Fundi hutoboa ukuta wa nyuma wa foki hadi milimita 8 na kuuacha wa mbele kama ulivyo. Kwa nyuma huweza kutumia breki ya mbele, kwa sababu boliti yake ni ndefu na inapita hadi nati ya kawaida. Breki ikipungukiwa milimita chache, baadhi hutengeneza kibao cha chuma kinachofungwa kwenye tundu la asili na kuishusha breki kwenye tundu jipya chini yake. Nakubali kibao hicho nyuma tu. Mbele ndiko kwenye sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha, na breki ikilegea huko itaingia kwenye spoku. Wengine huchukua tupa na kurefusha mfereji wa raba. Milimita moja naifumbia macho. Ya tatu ni kukata tawi ulilokalia.

Mwisho ni kelele. Raba ikigusa ringi yote kwa pamoja, breki hupiga ukelele unaosikika mtaa wa pili, na Mafac zilisifika kwa hilo. Ncha ya mbele ya raba inatakiwa iguse kwanza kwa unene wa karata. Mafac yenyewe ilikuwa na vishikio vinavyozunguka kila upande, kwa hiyo ni suala la subira. Kwenye Weinmann raba imefungwa kwa boliti iliyonyooka, na fundi hushika ncha ya mkono kwa spana na kuukunja kidogo, kidogo sana, huku ameshika pumzi.

Mafundi wetu wa barabarani wanaoondoa breki za fimbo na kuweka za waya wanajua mantiki hii bila jarida lolote. Breki ya fimbo hubana ringi kutoka ndani, upande wa spoku, na ya waya hubana ubavuni. Ukibadili moja lazima ubadili na ringi. Kutoka 635 kwenda 622 ni milimita sita na nusu za kutafuta.

Ukiwa na fremu ya chuma ya zamani na umepata hamu, usianze na ringi, hata kama zinauzwa kwa bei ya kutupa. Pima breki mbele na nyuma, ongeza 23 kama unatoka kwenye inchi 27 au 19 kama unatoka kwenye 700C, kisha tafuta breki inayofika hapo. Ukikosa breki hiyo, bakia kwenye 700C. Na raba nunua mpya.