Neno na Kiitikio: Dini na Fikra za Kisiasa katika Fasihi Simulizi ya Mbulu na Hanang

Katika semina zetu za Fasihi kuna swali moja ambalo hujibiwa haraka kuliko mengine yote. Ukiulizwa dini ina nafasi gani katika kazi fulani, jibu liko tayari mfukoni: dini ni kasumba, ni chombo cha tabaka tawala cha kuwalaza wanyonge usingizi. Unaandika hivyo, unataja wamisionari na ukoloni, unapata alama zako, mchezo umekwisha. Mimi mwenyewe nimejibu hivyo zaidi ya mara moja. Makala haya basi ni ya kujikosoa, na katika kujikosoa naomba niwakosoe na wenzangu kidogo.

Aliyenivuruga ni mwenzangu wa chumbani, mtu wa Dongobesh, wilaya ya Mbulu, ambaye wala hasomi Fasihi. Usiku mmoja nilimsomea insha yangu kwa majivuno. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kwetu wazee hawafungi kikao bila kuomba. Sasa hapo nani kamlewesha nani?" Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo ninalojaribu kulijibu hapa.

Sisemi kwamba jibu letu la siku zote ni la uongo, la hasha. Linafaa sana pale ambapo dini na mtawala wamefika kwa jahazi moja. Lakini linachukulia kwamba dini na siasa ni vitu viwili vilivyozaliwa mbali mbali, kisha kimoja kikamtumikia mwenzake. Hata mazungumzo ya mitaani huenda njia hiyo hiyo. Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa Karatu, jirani na Mbulu, kuanzia 1995 hadi 2010, alipogombea urais mwaka 2010, watu wengi walijadili upadri wake wa zamani kuliko hoja zake. Tunauliza mwanasiasa anasali wapi. Ni mara chache tunauliza sala yenyewe inafundisha nini kuhusu utawala.

Kwa hiyo tuitazame sala moja. Wairaqw wana utanzu uitwao slufay. (Hiyo "sl" hutamkwa kwa kupitisha hewa pembeni mwa ulimi, nasi tuliozaliwa kwingine huishia kurusha mate.) W.D. Kamera, ambaye mwaka 1978 alichapisha Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, aliandika pia kuhusu slufay, na baada yake wanaisimu na wanaanthropolojia kadhaa wameishughulikia. Kifani ni ushairi wa sala. Mzee mmoja huongoza, hutoa mstari baada ya mstari, na waliokusanyika huitikia. Kimaudhui ni maombi ya mvua, afya, watoto, mifugo na mavuno, pamoja na kufukuza magonjwa na uovu utoke nje ya mipaka ya nchi. Wanaotajwa humo ni Looa, mungu wa kike anayehusishwa na jua na wema, na neetlangw, mizimu ya kwenye maji, ambayo haizoeleki kirahisi. Slufay husikika penye pombe ya sherehe, na husikika pia penye mikutano ya wazee wanaoamua mambo ya jamii.

Hapa mhakiki ana kazi. Tumezoea kusema kwamba fasihi simulizi ina fanani na hadhira, tukishasema hivyo tunapita. Katika slufay hadhira si mapambo. Mstari wa mzee haujakamilika mpaka uitikiwe. Wairaqw kabla ya ukoloni hawakuwa na mtemi wa kuwatawala wote. Walikuwa na wazee wasemaji, na walikuwa na waganga wa mvua walioheshimika na kuogopwa. Mahali ambapo hakuna jeshi la mtemi, agizo hupata wapi nguvu? Jibu langu ni kwamba hupata nguvu katika kiitikio. Maamuzi ya kikao yanapofungwa kwa slufay, kila aliyeitikia amejifunga mbele ya Looa na mbele ya jirani yake. Kwa maneno mengine, fani yenyewe ni fikra ya kisiasa: mamlaka ni neno la mmoja linalokamilishwa na sauti za wengi.

Kuna na jambo la mipaka. Eneo la jamii moja kwa Kiiraqw huitwa aya. Kufanana na neno letu la Kiswahili ni bahati tu, maana letu limetoka Kiarabu, lakini ni bahati inayomchekesha mwanafunzi wa Fasihi. Aya hii ya Wairaqw huwekwa na kulindwa kwa matambiko yaitwayo masay, ambayo huizungushia nchi ulinzi. Yaani mahali panakuwa nchi kwa sababu pameombewa. Serikali ilipokuja na mipaka yake ya kata na vijiji, hasa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, haikukuta ardhi tupu isiyo na siasa. Ilikuta katiba nyingine, iliyotamkwa badala ya kuandikwa.

Ukristo nao haukuja kuufuta mfumo huu kama mtu anavyofuta ubao. Jimbo Katoliki la Mbulu liliundwa mwaka 1953, na hospitali ya Kilutheri ya Haydom ikafunguliwa mwaka 1955. Wapo waumini wanaoita matambiko ya wazee upagani, na wapo wanaosali Jumapili kisha wakakaa na wazee siku nyingine bila kuona kinyaa. Lakini hata kanisani kuna "Amina". Neno la padri au mchungaji nalo husubiri kujibiwa.

Sasa jamani, tuvuke twende Hanang, kwa sababu huko ndiko tunakoona neno lisilosubiri kiitikio linafanya nini.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba ya ngano katika tambarare za Basotu. Yalifika mashamba makubwa saba, Mulbadaw likiwa mojawapo, na jumla ya takriban ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, Wadatoga wafugaji. Machoni pa wataalamu ilikuwa pori linalongoja trekta. Machoni pa wenyewe, mbali na kuwa malisho, ilikuwa na makaburi. Mzee wa kiume aliyeheshimika sana akifa, Wabarabaig humfanyia bung'eda: mazishi yanayochukua miezi, ambapo kichuguu cha udongo hujengwa juu ya kaburi hatua kwa hatua, ukoo na majirani wakishiriki, mpaka siku ya kukamilisha. Baada ya hapo kaburi hilo ni mahali pa kurudia na kuomba. Matrekta yalipopita, baadhi ya makaburi hayo yalilimwa.

Naomba tulisome kaburi hilo kama tunavyosoma matini. Lina watunzi wengi, lina utendaji wa miezi kadhaa, lina hadhira, na lina ujumbe ulio wazi: sisi ni wa hapa, na huyu ndiye shahidi. Ni dini, kwa kuwa aliyelala humo anaombwa. Ni siasa, kwa kuwa ndiyo hati ya ukoo. Huwezi kutenganisha hivyo viwili bila kubomoa kichuguu.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kuishitaki NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mahakama ya Rufani ikatengua, na uamuzi wake umechapishwa katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1985. Moja ya sababu ilikuwa kwamba haikuthibitishwa kuwa walalamikaji wote ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi. Mimi si mwanasheria na sitaki kujifanya jaji. Nasema kama mhakiki tu: swali la uwenyeji liliulizwa katika lugha ambayo kaburi haliwezi kutoa ushahidi. Watu ambao baba zao wako chini ya udongo ule walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wa pale.

Kwa mazoea ya semina zetu tungesema hapa ni mgogoro kati ya mila na maendeleo, yaani kati ya dini na siasa ya kisasa. Lakini hebu tulichungulie Azimio la Arusha la mwaka 1967. Sehemu yake ya kwanza inaitwaje? "Imani ya TANU". Imani, bwana! Chama nacho kilikuwa na imani yake, na wanachama walikuwa na ahadi za kutamka. Silitaji hilo kwa kulidharau Azimio, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na utu kuliko mengi yaliyolifuata. Ninachosema ni kwamba siasa za kisasa hazikuja Basotu bila dini. Zilikuja na imani katika maendeleo, katika ngano na trekta, imani iliyokuwa na uhakika wa wokovu kiasi kwamba haikuona haja ya kumwuliza mwenye kaburi. Kilichokosekana Basotu ni kiitikio. Neno lilitamkwa Dar es Salaam, likafadhiliwa Ottawa, na waliolisikia hawakupewa nafasi ya kulikamilisha wala kulikataa.

Atatokea mtu aseme: mbona kwenye mikutano ya hadhara tunaitikia sana? Kiongozi anasema "Kidumu Chama!" nasi tunajibu "Kidumu!" Ni kweli, na tofauti ndiyo hiyo. Kiitikio kina maana pale tu ambapo kunyamaza kunawezekana. Penye kiitikio cha lazima pana mwangwi tu. Ebrahim Hussein aliliona jambo hili mapema katika Kinjeketile (1969). Wengi wetu tunafundishwa kuisoma tamthiliya hiyo kama mfano wa dini kutumika kuwaunganisha watu dhidi ya Mjerumani. Sawa, lakini uchungu wa Kinjeketile mwenyewe uko kwingine. Anapoanza kutilia shaka neno alilopewa, umati umekwisha kuitikia, na hakuna tena mlango wa kurudia. Neno limemtoka mikononi. Pale panapotakiwa shaka, pamebaki shangwe. Kwa hiyo kosa la umati halikuwa kuamini. Kosa lilikuwa kuamini kwa namna isiyoruhusu mtu, hata nabii mwenyewe, kunyamaza.

Sasa nigeuze kisu upande wangu. Je, kijana wa Mbulu anaweza kweli kunyamaza slufay inapoongozwa na babu yake? Mwenzangu wa chumbani, nilipomwuliza, alicheka: "Jaribu uone." Anayeongoza ni mzee wa kiume. Aliyewekwa nje ya mipaka pamoja na magonjwa wakati mwingine ni jirani wa kabila jingine. Kichuguu cha bung'eda nacho hujengwa kwa wanaume mashuhuri, si kwa kila mfugaji. Anayetaka kuyapamba mambo ya jadi yawe demokrasia kamili atakuwa anahubiri, hahakiki.

Hata hivyo jadi hiyo hiyo ina majibu yake ndani. Mikutano ya Wabarabaig huitwa girgwageda, na wanawake wanayo ya kwao. Mwanamume akiwakosea wanawake kwa namna inayogusa heshima yao kama wazazi, wanawake hukutana, humhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe, na wanaume hawana budi kuiheshimu hukumu hiyo. Nguvu ya baraza hilo haitoki kwenye bunduki. Inatoka kwenye imani kwamba uzazi ni mtakatifu na kwamba laana ya mama si mchezo. Hapo dini haijawalaza wanyonge usingizi. Imewapa kiti cha hakimu. Tuiite kasumba hiyo nayo?

Msimamo wangu basi ni huu. Swali la kama dini ichanganywe na siasa limetuchosha, na huku Mbulu na Hanang halishiki chochote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvitenganisha, hata serikali yenyewe. Swali linalofaa kuulizwa kwa slufay, kwa mahubiri ya Jumapili, kwa Azimio, kwa mradi wa ngano na kwa mkutano wa kampeni ni moja: anayesikia ana nafasi gani ya kujibu, na akikaa kimya nini kinampata? Kwa kipimo hicho kuna sala zilizo huru kuliko sera, na kuna sera zilizo na utu kuliko sala.

Msaada wa Kanada ulikoma miaka ya 1990, na mashamba yale yamepitia mikono mingine. Slufay bado ipo, ingawa siku hizi unaweza kuikuta imeletwa jukwaani kumkaribisha mgeni rasmi, dakika tano, kisha ratiba inaendelea. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Trekta lililima kaburi waziwazi, watu wakaenda mahakamani. Jukwaa linaichukua sala, linaiacha na mzee wake na mavazi yake, linaiondolea kikao kilichopaswa kufungwa nayo, nasi wanafunzi wa Fasihi tunapiga makofi na kuandika "utamaduni umehifadhiwa".

Insha yangu ile niliichana. Mwenzangu wa Dongobesh hajaridhika bado, anasema nimeandika mno juu ya wazee na kidogo mno juu ya mvua. Pengine ana haki. Nasubiri na kiitikio chenu.