Kiswahili Kilichonyamaziwa: Uhakiki wa Masimulizi ya Wageni katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala

Ikisiri

Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe, ni miongoni mwa majengo ambayo mgeni wa Kampala huelekezwa mapema. Makala haya yanayachukulia masimulizi yanayomfikia mgeni huyo, kwa kinywa na kwa vitabu vya utalii, kuwa matini, na yanayahakiki kama matini: yanasema nini, yanapangwa vipi, na yananyamazia nini. Hoja kuu ni kwamba masimulizi hayo yanayaeleza vyema matofali na makaburi, lakini yanakiacha nje Kiswahili, lugha iliyotumiwa kufasiria Biblia katika ikulu ya Buganda kabla ya kanisa lolote kujengwa kilimani hapo.

1.0 Utangulizi

Namirembe ni kilima, na kilima katika Kampala kina maana. Ukisimama penye kanisa, Mengo, makao ya Kabaka, iko karibu; Rubaga ni ya Wakatoliki; Kibuli ni ya Waislamu. Mgawanyo huo wa vilima ni mabaki ya vita vya dini vya miaka ya 1888 hadi 1892. Jina Namirembe lenyewe linahusishwa na neno la Kiganda *mirembe*, yaani amani.

Jengo lililopo sasa, la matofali mekundu na kuba, lilijengwa kati ya 1915 na 1919, Uganda ikiwa chini ya himaya ya Waingereza. Ramani yake ilichorwa na Arthur Beresford Pite, msanifu wa Uingereza. Hata hivyo, waumini waliitwa ibadani kwa ngoma, kwa desturi ya Buganda. Kuba la msanifu wa Kiingereza na ngoma ya Kiganda ndizo sauti mbili ambazo masimulizi ya wageni huzitaja kwa fahari. Makala haya yanauliza iko wapi sauti ya tatu.

2.0 Msuko wa masimulizi

Masimulizi yaliyozoeleka yana msuko imara. Kanisa la kwanza kilimani lilijengwa karibu na mwaka 1890. La pili, kubwa zaidi, lilikamilika 1892 na kuangushwa na dhoruba 1894. La tatu lilifuata upesi. La nne, la matofali, lilimalizika 1904, likapigwa na radi na kuungua 1910. La tano ndilo hili. Ni msuko wa kuanguka na kuinuka, na mgeni haukosi ujumbe wake: imani ilidumu pale majengo yaliposhindwa.

Baada ya majengo huja makaburi. Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, alizikwa hapa mwishoni mwa 1892. Wapo pia Alexander Mackay na daktari Albert Cook. Kwa msuko huu wahusika wakuu ni wawili: jengo lenyewe na mmishonari aliyekufa.

Sifa ya masimulizi haya haipaswi kupunguzwa. Yanakumbuka kwamba Waganda walibeba miti na udongo, na kwamba kanisa halikushushwa kutoka Ulaya likiwa tayari. Kasoro yake iko mahali yanapoanzia. Kwa kuanza na nguzo ya kwanza ya mwaka 1890, yanaruka miaka kumi na mitano ambamo Ukristo wa Buganda ulikuwa jambo la kusoma na kufasiri kabla ya kuwa jambo la kujenga.

3.0 Kabla ya nguzo ya kwanza

Henry Morton Stanley alipoondoka katika ikulu ya Mutesa I mwaka 1875, alimwacha nyuma kijana aitwaye Dallington Maftaa. Maftaa alikuwa ameokolewa utumwani na kusomeshwa Unguja katika shule ya wamishonari. Kazi yake ikuluni ilikuwa kumsomea Kabaka Maandiko na kumwandikia barua. Lugha iliyowezesha kazi hiyo ilikuwa Kiswahili, ambacho Mutesa alikuwa amekizoea kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani waliotangulia kuuleta Uislamu.

Wamishonari wa kwanza wa Kianglikana walifika 1877. Mackay aliwafuata 1878 akiwa ameshajifunza Kiswahili pwani. Wanafunzi wao wa mwanzo walisoma sehemu za Biblia katika tafsiri za Kiswahili zilizotokana na kazi ya Askofu Edward Steere wa Unguja. Biblia nzima ya Kiganda, ambayo Mwairishi George Pilkington aliishughulikia pamoja na Waganda, haikukamilika hadi 1896. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wasomi wa Buganda, na wasomi ndilo jina walilojulikana nalo, kilipita katika mlango wa Kiswahili.

Maftaa hana kuba wala dirisha. Hilo ni jambo la kawaida kwa wakalimani, kwa kuwa kazi yao ikifanikiwa husahaulika. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusahau pamoja na wengine.

4.0 Ushahidi wa maneno

Anayedhani kwamba athari hiyo ilikwisha na aisikilize ibada ya Kiganda. Atasikia *ekkanisa*, *enjiri*, *malayika*, *eddiini*, *ekitabo* na *omusalaba*. Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni maneno ya Kiarabu, na kwamba Kiganda kingeweza kuyapokea bila Kiswahili. Neno la mwisho linajibu pingamizi hilo. Kiarabu kina *salib*. Ni Kiswahili kilicholiundia neno hilo umbo la *msalaba*, na Kiganda kimelipokea likiwa na umbo hilo, kikilivika kiambishi chake.

Neno lenye uzito zaidi ni *okusoma*. Katika Kiganda lina maana ya kusoma kitabu na pia ya kuhudhuria ibada. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa sana, kwa sababu naye husoma hitima na husoma Maulidi. Huenda maana hizo mbili zilisafiri pamoja kutoka pwani. Iwe hivyo au sivyo, mwumini anayepanda Namirembe siku ya Jumapili kwenda *kusoma* analitaja tendo lake kwa neno tunaloshiriki.

5.0 Kwa nini ukimya?

Ukimya huu haukutokea kwa bahati mbaya. Baada ya vita vya dini, wamishonari wengi walikiona Kiswahili kuwa chombo cha Uislamu, wakaweka nguvu zao katika Kiganda. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kienezwe Uganda, alipingwa na viongozi wa makanisa na pia na Kabaka Daudi Chwa, aliyehofia hadhi ya Kiganda. Baadaye Kiswahili kilihusishwa na kambi za jeshi, na tangazo la Idi Amin la 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukisafishia jina.

Hapa ndipo penye kinaya: kanisa lililokihofia Kiswahili kwa sababu ya Uislamu lilikuwa tayari linaitaja Injili yenyewe kwa neno lililopitia vinywa vya Waislamu wa pwani.

Hata hivyo, wapenzi wa Kiswahili wasigeuze kinaya hiki kuwa ushindi. Misafara iliyoleta lugha ilibeba pia pembe na watumwa, na maisha ya Maftaa ni ushahidi wa hilo. Hofu ya Waganda kwa lugha yao ilikuwa halali. Tena *omusalaba* si mali ya Kiswahili tena. Ni neno la Kiganda, kama vile *meza* lilivyo la Kiswahili ingawa lilitoka kwa Wareno.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mjadala uliofuata mara nyingi huendeshwa kana kwamba lugha hii ni mgeni anayebisha hodi. Namirembe inaonyesha kwamba alishaingia, akahudumu, kisha akaondolewa katika hadithi ya nyumba.

Pendekezo la makala haya ni dogo. Masimulizi ya wageni yaanze 1875 badala ya 1890, na jina la Dallington Maftaa litajwe kabla ya lile la Beresford Pite. Walimu wa Kiswahili wa Kampala nao wawapeleke wanafunzi kilimani, si kutazama kuba peke yake, bali kusikiliza ibada na kuorodhesha maneno wanayoyatambua. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kambini atarudi na orodha mkononi, na orodha hiyo itakuwa imetoka kinywani mwa bibi yake.