Kuelimisha au Kushauriana? Lugha ya Wanazuoni mbele ya Wavuvi wa Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu. Samaki wamepungua, na hawana budi kupewa muda wa kuzaana. Kwa Uvira, mji uliobanwa kati ya mlima na maji, hatua hiyo haikuwahusu samaki peke yao. Ilihusu pia chakula cha jioni, ada ya shule na deni la nyavu.

Makala haya hayakusudii kupima usahihi wa uamuzi huo kwa mizani ya biolojia. Yanakusudia kuhakiki lugha ambayo kwayo wanazuoni huzungumza na umma wa mwambao wa kaskazini kuhusu masuala ya aina hiyo. Hoja kuu ni kwamba lugha hiyo, kama inavyotumika kwa kawaida, imeundwa kwa ajili ya kupeleka hukumu iliyokwisha kutolewa, wala si kwa ajili ya kuwashirikisha watu katika swali ambalo bado liko wazi. Dosari hiyo ni ya maadili kama ilivyo ya lugha.

Kauli ya kutendesha

Vitenzi vinavyotawala mazungumzo ya wasomi na umma ni vichache, na vinafanana kwa umbo: kuelimisha, kuhamasisha, kufahamisha, kuelekeza. Mjini Uvira mahali pake mara nyingi hushikwa na neno la Kifaransa sensibilisation, ambalo limezoeleka hata miongoni mwa watu wasiozungumza Kifaransa. Vitenzi hivyo vyote vimo katika kauli ya kutendesha. Katika kauli hiyo, mtenda humtia mwingine katika hali ambayo hakuwa nayo: mwenye elimu humfanya asiye nayo aelimike. Sarufi imekwisha kugawa nafasi kabla mkutano haujafunguliwa. Mwanazuoni ni kiima, mvuvi ni shamirisho.

Kiswahili kina njia nyingine. Kauli ya kutendana huwafanya wahusika wote kuwa watenda na watendwa kwa wakati mmoja: kushauriana, kujadiliana, kuulizana. Ni kauli ya baraza, ambako mzee husema naye akajibiwa. Hata hivyo, mnyambuliko peke yake hauponyi. Kitenzi kuelimishana kimebeba viambishi vyote viwili, cha kutendesha na cha kutendana, nacho hupendwa sana katika hotuba. Lakini pale ambapo upande mmoja hushika kipaza sauti kwa saa 2 na upande wa pili hupewa dakika 10 za maswali, hiyo -an- ni pambo tu. Kinachopaswa kuchunguzwa ni kama kauli hiyo inalingana na tendo.

Kufunga na kupumzisha

Mfano mzuri ni jina la hatua yenyewe. Katika Kifaransa cha utawala iliitwa fermeture, na tafsiri yake ya kawaida ni kufunga. Tanzania ilipenda kusema kupumzisha. Ziwa limefungwa ni sentensi ya kutendwa isiyotaja mtenda. Msikilizaji haambiwi ni nani aliyefunga, kwa ushauri wa nani, wala ni nani wa kuulizwa. Tena kufunga, katika Kiswahili, ni pia kujinyima chakula. Katika miezi hiyo mfungaji hakuwa ziwa.

Kupumzisha ni neno la upole zaidi, na kwa hiyo linadai uangalifu zaidi. Linaligeuza ziwa kuwa mtu aliyechoka, ambaye ni ukatili kumnyima usingizi. Uchovu wa mvuvi haumo katika sitiari hiyo. Ajabu ni kwamba wazo lenyewe halikuwa geni kwake. Wavuvi wanaotumia taa hukaa nchi kavu kila mwezi wakati mbalamwezi inapokuwa kali, kwa kuwa mwanga wa mwezi huishinda taa na ndagala hawakusanyiki. Mwanazuoni angeweza kuanzia katika desturi hiyo, akauliza inafundisha nini na inatofautiana vipi na mapumziko ya miezi 3. Kuanza kwa tangazo ni kulipuuza darasa ambalo wanafunzi wake walikwisha kulisoma.

Mjadala ambao haukufika ufukoni

Uvira haikukosa wataalamu. IRSAC, taasisi ya utafiti ya enzi ya ukoloni iliyoundwa mwaka 1947, iliweka kituo chake hapo. Leo mji una Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, yaani CRH. Mradi wa Utafiti wa Ziwa Tanganyika, ulioendeshwa na FAO kwa msaada wa Finland kuanzia mwaka 1992, ulifanya kazi pia Uvira. Kwa miongo mingi maji ya mwambao huu yamepimwa joto, kina na rutuba. Lakini matokeo yamesafiri zaidi kuelekea majarida ya mbali kuliko kuelekea ufukoni.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha makala katika jarida la Nature, na mwaka huohuo Piet Verburg na wenzake katika jarida la Science. Maelezo yao hayahitaji istilahi ngumu. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi zaidi, nayo huelea juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika nayo. Upepo ukipungua, maji ya chini yenye rutuba hayapandi. Mwani hupungua, wadudu wadogo wa majini wanaoula hupungua, ndagala hupungua, na mukeke anayekula ndagala hupungua. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda ulishuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi.

Wengine hawakukubali. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walijibu kwamba takwimu za samaki waliovuliwa huakisi zaidi mabadiliko ya namna za kuvua kuliko mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, baada ya kuchunguza mashapo ya chini ya ziwa, walionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri katikati ya karne ya 20. Hawakukana, hata hivyo, kwamba uvuvi wa kupita kiasi huongeza madhara.

Kwa mwanabiolojia huo ni mjadala wa kawaida. Kwa mvuvi wa Kalundu, Makobola au Mboko ni suala la nani alipe. Ikiwa chanzo ni nyavu, mwenye wavu ana sehemu yake ya lawama, na marufuku ina haki. Ikiwa chanzo ni joto, basi anatozwa faini ya moshi ambao hakuutoa yeye. Ikiwa ni vyote viwili, kama inavyoelekea kuwa, swali linalobaki ni la kugawana mzigo: mvuvi abebe kiasi gani, serikali kiasi gani, mataifa yenye viwanda kiasi gani. Swali hilo halijibiwi na kipimajoto. Ni la maadili na la sera, na katika suala la namna hiyo mvuvi ana haki ya kusema sawa na mwanazuoni. Kumpelekea hitimisho bila mabishano yaliyolizaa ni kumnyima sehemu ileile ambayo angeweza kuichangia.

Suala la Kiswahili chenyewe

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Uvira Kiswahili huishi pamoja na Kivira, Kifuliiru na Kibembe, nacho ni Kiswahili kinachosema bavuvi na batu bila kuona aibu. Mwanazuoni anayesahihisha kiambishi hicho katikati ya swali la mvuvi amekwisha kulikwepa swali.

Tatizo la istilahi lipo, ila si kubwa kama linavyodhaniwa. Anayetafsiri productivité kuwa uzalishaji bila ufafanuzi atamfanya mvuvi afikirie samaki waliomo mtumbwini. Anayesema rutuba ya maji ataeleweka na kila mtu mwenye shamba bondeni Ruzizi. Hali kadhalika, tangazo la nchi 4 likisema dagaa tu, au mgebuka tu kama isemwavyo Kigoma, halina budi kuongeza ndagala na mukeke kwa ajili ya Uvira na Bujumbura.

Mfano wa ng'ambo

Kwamba wasomi waweza kuusikiliza umma kwa Kiswahili kuhusu sera nzito, mfano wake uko ng'ambo ya ziwa hilohilo. Mwaka 1991 serikali ya Tanzania iliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya uenyekiti wa Issa Shivji, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka mikoani, ikafanya mikutano ya hadhara, ikapokea malalamiko ya wakulima na wafugaji, na malalamiko hayo yakawa msingi wa hoja zake. Hapo kauli ya kutendana ilikuwa tendo.

Lakini ripoti iliyochapishwa mwaka 1994 ilikuwa ya Kiingereza. Pendekezo lake kuu, kwamba umiliki wa msingi wa ardhi usiwe mikononi mwa Rais, halikukubaliwa katika sheria namba 4 na namba 5 za mwaka 1999. Serikali yaweza kukataa ushauri. Hata hivyo, aliyetoa ushahidi anastahili kusoma, katika lugha aliyoshuhudia nayo, ni nini kilichokataliwa.

Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa kwamba si kila jambo ni la mjadala. Ni kweli. Mafuriko ya Aprili 2020 yalipoikumba Uvira, au kipindupindu kinapozuka, anayejua njia ya usalama hana budi kuelekeza, na kauli ya kutendesha ni halali kabisa. Lakini hali ya dharura isigeuzwe kuwa desturi ya mwaka mzima.

Yaweza kusemwa pia kwamba kutangaza mabishano ya wataalamu ni kuwapa kisingizio wenye nyavu za matundu madogo. Hatari hiyo ipo. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi. Mvuvi aliyeahidiwa kwa uhakika kwamba miezi 3 itarudisha samaki, kisha asiwaone, hatalikosoa kosa la makadirio. Ataitilia shaka elimu yote, pamoja na ile ya maji salama na ya mafuriko.

Hitimisho

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa vyuo vya mwambao na vya Bukavu. Kwanza, kila tasnifu inayohusu ziwa iwe na muhtasari wa Kiswahili kinachoeleweka ufukoni, unaotaja pia mambo ambayo wataalamu hawajaafikiana. Pili, maneno ya wavuvi yaliyokusanywa katika utafiti yarudishwe kwao yakiwa yameandikwa, ili waseme kama ndivyo walivyosema. Tatu, idara za Kiswahili zikubali kwamba kazi hii ni yao kama ilivyo ya wanabiolojia, na ziwatume wanafunzi wao kukusanya msamiati wa uvuvi kutoka Kavimvira hadi Mboko kabla ya uvuvi kusimamishwa tena.